Usijenge nyumba ndani ya jaruba

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Pita mitaa ya pembeni mwa mji wa Bariadi mwezi wa Agosti, pamba ikiwa imeshauzwa na fedha hazijaisha mfukoni. Kila baada ya nyumba mbili tatu utakuta rundo la matofali ya kuchoma, lundo la mchanga wa mtoni na vijana wanaochimba msingi. Ardhi imekauka hadi sururu inadunda. Nyufa za udongo mweusi ni pana kiasi cha kumeza kandambili ya mtoto. Anayeyawaza maji siku hizo ni yule anayeyanunua kwa madumu ili achanganye zege.

Rudi hapo hapo mvua zikishakolea. Maji yamesimama kuanzia ukuta wa uzio hadi mlango wa jikoni. Udongo uliokuwa jiwe sasa unavua watu viatu. Mlango wa sebuleni umegoma kufunga, na kutoka kwenye kona ya dirisha kumeanza ufa mwembamba unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya matofali. Mwenye nyumba analaumu fundi, fundi analaumu saruji, na saruji haina mdomo wa kujitetea.

Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za namna hii hazikuanzia ukutani kuharibika. Zilianzia kwenye kiwanja, kabla ya tofali la kwanza, siku mwenyewe aliporuka kazi ya kuipa ardhi mteremko wa kuondoa maji. Cha kushangaza ni kwamba kazi hiyo inafahamika vizuri sana Usukumani. Watu wanaifanya kila mwaka kwenye majaruba ya mpunga, ila wanaifanya kwa kinyume.

Jaruba zuri lina sifa tatu: kingo pande zote, ndani pamesawazishwa pakawa tambarare, na chini kuna udongo usiopitisha maji. Mkulima anataka mvua iingie na ibaki. Sasa kitazame kiwanja chetu. Kina uzio wa matofali pande nne. Ua umesawazishwa ukawa tambarare "ili upendeze". Chini kuna udongo mzito wa mbuga. Sifa zote tatu zimetimia. Kilichobadilika ni kwamba katikati pamejengwa nyumba badala ya kupandwa mpunga.

Kila udongo na jina lake

Wasukuma hawauchukulii udongo wote kuwa kitu kimoja. Ukishuka kutoka kwenye vilima vya mawe makubwa kuelekea bondeni, majina yanabadilika chini ya miguu yako. Karibu na mawe kuna luseni, udongo mwepesi wa kichanga. Kuna isanga, mchanga wenyewe. Kuna itogolo, ambao chini yake umejificha mgumu usiopitisha maji upesi. Kuna ibushi, wenye chokaa ndani yake. Chini kabisa, maji yanakokwenda kupumzika, kuna mbuga, yaani mfinyanzi mweusi.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kwenye milima ya Usambara, aliwapendekezea wanasayansi wenzake neno la Kilatini, catena, maana yake mnyororo. Alitaka kueleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio ule ule kutoka kilimani hadi bondeni, kila aina ikishikana na inayofuata kwa sababu maji yanatiririka kutoka moja kwenda nyingine. Neno hilo lipo hadi leo katika vitabu vya udongo duniani kote. Mkulima wa Usukumani alikuwa na mnyororo wake tayari, na kila pingili alikuwa ameipa jina.

Majina hayo yalikuwa na kazi. Kwa desturi mji wa Msukuma ulikaa juu, kwenye mchanga, mahali ambapo mvua ikikatika miguu inakauka. Mbuga iliachiwa mazao na mifugo. Hakuna aliyehitaji mhandisi kumwambia asilale kwenye mpunga.

Kilichobadilika ni wingi wa watu na jinsi ardhi inavyopatikana. Simiyu ulipofanywa mkoa mwaka 2012, ukichukua Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima kutoka Shinyanga na Busega kutoka upande wa Mwanza, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Bariadi, iliyokuwa makao ya wilaya, ikawa makao ya mkoa, na ofisi, shule, maduka na wapangaji wakafuata. Sehemu za juu zenye mchanga zilijaa mapema. Viwanja vilivyobaki, tena vya bei nafuu, vinaendelea kushuka kuelekea mbugani, mahali ambapo mababu walipaita pa maji. Mji wenyewe una sehemu inayoitwa Malambo, na lambo ni bwawa la kukingia maji. Jina la mahali ni taarifa ya bure kwa mnunuzi wa kiwanja, mradi asimame kidogo alisikilize.

Udongo unaovimba

Mfinyanzi wa mbuga si tope la kawaida. Chembe zake ni kama karatasi nyembamba zilizopangwa juu ya nyingine. Maji yakiingia, hupenya katikati ya karatasi hizo na kuzisukuma zitengane, udongo ukavimba. Jua likipiga, maji yanatoka, karatasi zinabanana, udongo unasinyaa na kupasuka. Nyufa zake zinaweza kushuka zaidi ya mita moja. Nguvu ya kuvimba huko inatosha kunyanyua sakafu ya zege na kupasua ukuta wa tofali.

Katika nyanda za Deccan nchini India udongo wa namna hii huitwa regur, na kwa kuwa pamba inaupenda, Waingereza waliupa jina la udongo mweusi wa pamba. Jirani zetu wa Kenya wanaojenga upande wa Embakasi na Athi River wanaujua vilivyo: kabla ya msingi, udongo mweusi huchimbwa na kuondolewa mpaka wafike kwenye moramu au mwamba, ndipo kazi ianze. Si bahati mbaya kwamba Simiyu ni mkoa wa pamba. Udongo unaompa mkulima fedha za kujengea ndio huo huo unaompasulia nyumba.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea katika kufikiri. Wanadhani shida ya maji ni mafuriko tu: maji yakiingia ndani ni tatizo, yakiishia nje si tatizo. Kwa nyumba iliyo juu ya mchanga huenda hilo likasameheka. Kwa nyumba iliyo juu ya mbuga, maji yanayosimama nje ukutani ndiyo hatari kuu. Udongo wa pembeni unalowa na kuvimba wakati ule wa katikati, uliofunikwa na sakafu, bado ni mkavu. Kingo za nyumba zinanyanyuka, katikati pamebaki chini. Kiangazi kinageuza mchezo: pembeni pananyauka na kusinyaa, katikati pamebaki na unyevu. Nyumba inakunjwa huku, inakunjuliwa kule, kila mwaka. Tofali haliwezi kukunjwa, kwa hiyo linapasuka, na hupasukia mahali palipo dhaifu: kona za madirisha na milango.

Kuupa mteremko uwanja unaozunguka nyumba kuna makusudi mawili basi. La kwanza ni kuondoa maji. La pili, kubwa zaidi kwa Bariadi, ni kuufanya udongo ulio chini ya nyumba usilowe upande mmoja na kukauka upande mwingine.

Kiangazi hudanganya

Ujenzi wetu unafuata msimu wa pamba, na msimu wa kuiuza unaangukia kiangazi. Hilo lina faida zake: barabara zinapitika, matofali hayalowi, mtaro wa msingi hauporomoki. Lakini kiangazi kinaficha kila dalili ambayo mjenzi angeihitaji. Kiwanja kinaonekana tambarare wakati kina mwinamo. Njia ya maji ya msimu inaonekana kama kijia cha ng'ombe. Nyufa zinaonekana kama ukavu wa kawaida.

Ndani ya udanganyifu huo makosa matatu hujirudia.

Kosa la kwanza ni kupima kwa jicho. Jicho la binadamu haliwezi kuona tofauti ya sentimita 20 kwenye mita 20. Maji yanaiona bila shida.

La pili ni kujaza vyumba kwa udongo uliotoka kwenye msingi. Fundi amechimba, rundo lipo pale pale, lori la moramu lina gharama, basi udongo mweusi unarudishwa ndani ya kuta, unashindiliwa kidogo, na jamvi linamwagwa juu yake. Mwenye nyumba amelala juu ya kitu kinachovimba. Udongo huo unafaa bustanini au shambani. Chini ya jamvi panatakiwa moramu, inayoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, kila tabaka likilowanishwa kidogo kabla ya kupigwa.

La tatu ni kumwaga mchanga kuzunguka nyumba kwa nia ya kukausha ua. Mchanga unapitisha maji upesi sana, na juu ya mbuga maji hayo hayana pa kwenda. Yanashuka kupitia mchanga, yanagonga mfinyanzi na kujikusanya kwenye msingi bila kuonekana. Juu pakavu, chini bwawa. Nje ya ukuta panafaa moramu yenye udongo wa kushikana, iliyoshindiliwa sawasawa, ili maji yateleze juu yake na kwenda zake.

Tuchukue kiwanja kimoja

Tuseme una kiwanja cha upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Ardhi inashuka kutoka nyuma kwenda barabarani kwa jumla ya sentimita 45. Unataka nyumba ya mita 12 kwa 10.

Anza na hesabu ya mvua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Mvua nzito ya alasiri moja, tuseme ya milimita 40, inamwaga lita 24,000 kwenye kiwanja chako chote. Hayo ni mapipa 120 ya lita 200, yote yakifika ndani ya saa moja au mbili, kabla hujahesabu yanayotoka kwa jirani wa juu. Udongo mkavu wenye nyufa utameza sehemu ya mvua za kwanza. Ukishalowa, nyufa zinaziba, na kuanzia hapo maji karibu yote yanatembea juu.

Sasa uliza: yatatoka wapi? Hapa ndipo pa kuanzia, si kwenye kona ya nyumba. Nenda kwanza kwenye mtaro wa barabarani upime kina chake, kwa sababu hakuna sehemu ya ua wako inayoweza kukauka kama iko chini ya mtaro unaopokea maji yake. Ukishaijua levo hiyo, pandisha hesabu kuelekea nyumbani.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mabaki ya mazao, sentimita 15 hadi 20, mahali pote nyumba itakaposimama na mita 3 kuizunguka. Kisha panga urefu wa jamvi kwa kutazama kona ya nyumba iliyo juu kuliko zote. Jamvi lisimame angalau sentimita 30 juu ya ardhi iliyomaliziwa kwenye kona hiyo, na kwenye mbuga sentimita 45 ni salama zaidi. Wengi hupimia kona ya mbele, ile ya barabarani, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Nyumba inasimama kwa fahari mbele, na nyuma inazama.

Kutoka ukutani ardhi ishuke pande zote nne. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka ishuke sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, na kipimo hicho kinafaa hapa pia. Upande wa barabarani ni rahisi kwa kuwa ardhi inashuka yenyewe. Kazi iko upande wa nyuma. Huko ardhi kwa asili inaelekea nyumbani, nawe unaitaka itoke nyumbani. Hapo, mita 3 kutoka ukutani, miteremko miwili inakutana, na panakuwa na mfereji wa kukinga: unayapokea maji ya uwanja wa juu kabla hayajagusa nyumba, unayagawa kushoto na kulia.

Pembeni mwa nyumba una mita 4 kila upande. Mita 3 ni za mteremko, mita moja inayobaki ni njia ya maji. Mfereji wa udongo unapenda ushuke sentimita 2 kwa kila mita. Ardhi yako inashuka sentimita moja na nusu tu, kwa hiyo utauchimba kina zaidi kidogo kidogo kadiri unavyokaribia barabara. Kama mtaro wa barabarani hauruhusu kina hicho, mfereji wa zege unaweza kuridhika na sentimita moja kwa mita.

Usichimbe kama handaki. Mfereji mzuri wa nyumbani ni mpana na wenye kina kifupi, umbo la sahani, ambao mtoto anauvuka akikimbia bila kuanguka. Panda ukoka juu yake. Ukoka unashika udongo usibebwe, na maji yanapita bila kuchimba korongo.

Kuta zikishasimama, zungushia nyumba ukingo wa zege wenye upana wa mita moja au zaidi, ukiinama kutoka ukutani. Ukingo huo unasogeza mbali mstari ambapo unyevu na ukavu vinapokezana. Badala ya kupokezana chini ya msingi wako, vitapokezana uani.

Hayo yote hayachukui nafasi ya msingi imara. Kwenye mbuga nzito bado panahitajika ushauri wa mhandisi kuhusu kina cha msingi, kiasi cha udongo wa kuondoa, na mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta zote pamoja. Ila msingi bora uliozungukwa na dimbwi ni fedha iliyolowekwa.

Mpira wa levo

Kifaa cha kupimia haya yote kipo mikononi mwa karibu kila fundi mwashi: mpira wa levo, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji ya ncha moja na ya ncha ya pili hukaa usawa mmoja daima, hata kona ya nyumba ikiwa katikati.

Piga vigingi kwenye kona nne za kiwanja, kona nne za nyumba, na kimoja kwenye mtaro wa barabarani. Hakikisha ndani ya mpira hakuna mapovu ya hewa, kwani povu moja linaharibu kipimo. Mtu mmoja ashike ncha kwenye kigingi cha juu kabisa, mwingine atembee na ncha ya pili kigingi hadi kigingi, akitia alama maji yanapotulia. Kisha pima kwa futi kutoka kwenye alama hadi ardhini. Namba zinazokua zinakuonyesha ardhi inakoshukia. Ziandike kwenye daftari. Hiyo ndiyo ramani ya maji ya kiwanja chako.

Ongeza jaribio moja. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakishanywea lijaze tena, kisha liache hadi kesho yake. Ukikuta bado yamo, uko mbugani au juu ya tabaka gumu, na usitegemee shimo la kunyonya maji. Linaweza kufanya kazi kwenye isanga. Kwenye mbuga linajaa masika na kubaki limejaa.

Maji ya bati na maji ya vyombo

Nyumba yenyewe ni chanzo cha maji. Paa la mita 120 za mraba, kwa ile mvua ya milimita 40, linadondosha lita 4,800, zote kwenye mstari mwembamba chini ya upenu, mahali pabaya kuliko pote. Gata zinaondoa shida hiyo. Na kwa kuwa Simiyu hupata mvua ya milimita 600 hadi 900 hivi kwa mwaka, paa hilo hilo, kwa mwaka wa milimita 800 na ukitoa asilimia 20 kwa upotevu, linaweza kukupa karibu lita 77,000. Katika mkoa ambao kiangazi chake ni kirefu na mito yake mingi hubaki mchanga mtupu, kuziacha lita hizo zikabomoe msingi ni hasara mara mbili.

Angalia tu jambo moja linalosahaulika. Tangi likijaa, maji ya ziada yanatoka juu na kumwagika hapo hapo kwenye kona ya nyumba. Fungia tangi bomba la kupitishia ziada hadi kwenye mfereji.

Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo nayo yana tabia ya kumwagwa sehemu moja kila siku, kwa kawaida nyuma ya ukuta wa jikoni. Kiangazi kizima kona hiyo ina unyevu wakati nyingine tatu zimekauka. Ufa utaanzia hapo. Yapeleke maji hayo kwenye migomba au bustani iliyo mbali na ukuta.

Miti ina kosa la kinyume. Mwarobaini uliopandwa karibu na dirisha kwa ajili ya kivuli unanyonya maji chini ya kona hiyo hadi udongo unasinyaa kuliko kwingine. Uupande mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu utakaofikia ukikomaa.

Na maji yasimamayo hayaharibu kuta tu. Mbu wa malaria anazaliana humo, na dimbwi likikutana na choo cha shimo kilichofurika, tunazungumzia kipindupindu, ugonjwa ambao Simiyu uliujua kwa uchungu mwanzoni mwa mwaka 2024.

Uzio, jirani na mtaro

Ukuta wa uzio ndio unaokamilisha jaruba. Ukiujenga bila kuacha matundu chini kabisa, upande ule maji yanakotokea, unakuwa bwawa siku ya mvua ya kwanza kubwa, na kuta nyingi za uzio huanguka kwa kulemewa na maji yaliyokosa mlango. Matundu hayo yafuate njia yako ya maji, yatokee kwenye mtaro. Yasitokee kwenye jiko la jirani.

Maji ni mgeni anayepita kwa kila mtu mtaani. Aliye juu hawezi kuyazuia yasishuke, na aliye chini hawezi kuyakataa yasifike. Lakini aliye juu akiyakusanya yote na kuyaelekeza kwa mkondo mmoja kwa jirani, hayo si maji ya Mungu tena. Ni ya kwake. Njia nafuu ni kukaa pamoja kabla ya ujenzi, majirani wawili watatu na mwenyekiti wa mtaa, mkakubaliana mfereji mmoja upite mpakani na kila mmoja atoe nusu mita. Kesi ya mpaka wa maji inagharimu zaidi ya nusu mita.

Barabara za mitaa na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Lakini lango la gari ni letu. Mara ngapi tumeona mwenye nyumba akijaza kifusi kwenye mtaro mbele ya geti ili gari lipite, au kulaza bomba jembamba ambalo takataka za wiki moja zinaliziba? Maji ya mtaa mzima yanarudi nyuma, na nyumba ya kwanza kuyapokea ni yake.

Barabara ya lami nayo inastahili kutazamwa. Tuta lake likiwa juu ya viwanja, maji ya upande mmoja yanavuka kupitia makalvati na kutokea upande wa pili kwa nguvu. Kiwanja kilicho mbele ya mdomo wa kalvati kinaweza kuwa cha bei poa. Sasa unajua sababu.

Tena kuna mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mto Simiyu na vijito vinavyouchangia, kwenye safari yao kuelekea Ziwa Victoria, hukauka miezi mingi, na hapo ndipo mtu huuziwa kiwanja ukingoni akiambiwa maji hayajawahi kufika. Waulize wazee wa hapo kuhusu mvua za El Niño za 1997 na 1998 kabla ya kutia saini.

Unapopeleka michoro halmashauri kuomba kibali cha ujenzi, mwambie mchoraji aweke mishale kwenye ramani ya kiwanja: maji yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi. Mishale hiyo haiongezi bei ya mchoro. Inaongeza maswali, na ni heri maswali yaulizwe kwenye karatasi.

Kama nyumba imeshajengwa

Usikate tamaa, wala usikimbilie saruji. Tia alama ya penseli kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Tazama tena masika na tena kiangazi. Ufa unaofunguka na kufunga kwa kufuata msimu umesababishwa na udongo, na kuuziba kwa plasta ni kuuvika kanzu. Wahenga walituonya kuziba ufa tusije kujenga ukuta. Bariadi tuongeze neno: kabla ya kuuziba, uliza maji yametoka wapi.

Kisha fanya kazi kwa mpangilio, ukianza na rahisi. Safisha mtaro wa mbele. Toboa matundu kwenye uzio. Funga gata. Hamisha pa kuoshea vyombo. Rudisha mteremko kuzunguka kuta kwa moramu iliyoshindiliwa, bila kufukia matundu ya hewa wala kupandisha udongo hadi usawa wa sakafu. Mwisho mwaga ukingo wa zege. Ipe nyumba msimu mmoja wa mvua na mmoja wa ukavu itulie, ndipo umwite fundi wa plasta.

Kwa ambaye bado ana kiwanja kitupu, ushauri ni mfupi zaidi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, usijifungie ndani. Vaa mabuti, chukua mwamvuli, nenda ukasimame kwenye kiwanja chako nusu saa. Tazama maji yanaingilia kona gani, yanazunguka wapi, yanatua wapi. Mvua ikikatika piga vigingi mahali hapo. Kiangazi kikija na pamba ikauzwa, anza na vigingi hivyo. Kupima kiwanja kwa mpira wa levo ni kazi ya watu wawili na asubuhi moja. Kubomoa na kujenga upya ukuta uliopasuka ni kazi ya miaka.